Nyusi za Agripina

Nyumba ya akina Agripina haikukosa watu. Jua likianza tu kupoa, wachimbaji walikuwa wakirudi kutoka kwenye maduara ya Sekenke, yale mashimo ya dhahabu, na vumbi limewaganda hadi kwenye masikio, wakulima nao wakitoka mashambani na majembe begani, na wote waliishia kwenye mabenchi ya mama yake, Editha. Waliotangulia walikaa sebuleni. Waliochelewa walikaa uani, juu ya ndoo na magogo. Redio ilipiga kelele, watu walicheka, wakagombana, wakapatana, wakacheka tena. Mpita njia angeapa kwamba hapo ndipo penye raha kuliko nyumba zote za kijiji kile chini ya mlima.

Agripina alikuwa na miaka kumi na miwili, anasoma darasa la sita, na katika watu wote hao hakuwa na hata mmoja wa kuongea naye.

Haikuwa hivyo zamani. Baba yake, Nathan, alikuwa mchimbaji. Duara lao lilipokuwa halitoi kitu, aliaga kwamba anaifuata dhahabu Geita, atarudi kabla ya mavuno. Mwanzoni alipiga simu, baadaye simu zikapungua, na mwisho namba yake ikawa haipatikani kabisa. Watu walisema ameoa huko. Mwaka huo mvua ilikatika mtama ukiwa ndiyo kwanza unachanua, shamba likarudisha mabua matupu. Ndipo Editha alipokopa gunia la mtama kwa ndugu yake, akauotesha, akaukausha, akausaga, akapika pombe yake ya kwanza. Iliisha kabla giza halijaingia. Tangu siku hiyo hakupumzika tena, wala nyumba yake haikupumzika.

Kazi ya Agripina akitoka shule ilikuwa kuosha vikombe, kuchota pombe kwenye pipa na kuwapelekea wateja. Hakuna aliyemtesa. Mama yake hakuwa mkali, wala chakula hakikukosekana. Ila godoro lake lilitandikwa sebuleni, na sebule ilikuwa ya wateja mpaka wa mwisho wao akumbuke kwao. Kwa hiyo alikuwa akisinzia akiwa amekaa jikoni kwenye moshi, daftari likiwa mapajani, akisubiri. Asubuhi shuleni alikuwa akisinzia tena.

Kulikuwa na mchimbaji mmoja aitwaye Paschal, mtu wa maneno mengi. Jioni moja Agripina alimpelekea kikombe, naye Paschal akamshika mkono, akaunyanyua juu watu wote wauone.

"Huyu ndiye mke wangu mdogo," alisema. "Mama mkwe, nitunzie, usimpe mtu!"

Benchi zima likaangua kicheko. Agripina alimgeukia mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na chujio mkononi, akingoja amkemee. Editha alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu asiyetaka mteja akasirike, kisha akainama akaendelea kuchuja. Agripina aliuvuta mkono wake, akarudi jikoni, akakaa.

Rafiki yake wa pekee alikuwa Hana. Walianza darasa la kwanza siku moja, wakakaa dawati moja, wakagawana hata kifutio kwa kukikata kwa meno. Jumamosi moja Hana alikuja wafanye hesabu pamoja. Walikuwa wamejibanza ukutani jikoni, wakibishana juu ya sehemu na desimali, mara mlevi mmoja akaingia akitafuta mahali pa kukojoa. Hakuona watoto. Alianza kufungua suruali pale pale, Hana akapiga kelele, akatoka mbio bila viatu.

Jumatatu yake, njiani, Hana alitembea akiangalia chini.

"Mama amesema nisije tena kwenu," alisema.

"Basi mimi nitakuja kwenu."

Hana alipiga jiwe teke. "Amesema tusitembee pamoja kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Hakusema."

Mama Hana alikuwa mzee wa kanisa, na neno lake nyumbani halikujadiliwa. Siku chache baadaye Hana alihamia dawati la mbele, kwa wasichana wawili waliokaa karibu na kanisa. Hakuwa na ubaya. Wakikutana kisimani aliitikia salamu, akajaza ndoo yake, akaondoka. Wengine ndio walioanza kumwita Agripina "Kilabu." Kilabu, tuletee kikombe. Kilabu, umeamkaje, kichwa hakiumi? Mwanzoni alijibu, baadaye akanyamaza, na kunyamaza kukawa ndiyo desturi yake.

Ilianza siku ya jaribio la hesabu. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kiganja, akiangalia swali ambalo yeye na Hana walikuwa hawajalimaliza siku ile, na kidole chake kikagusa unywele mmoja wa nyusi uliosimama vibaya. Akaushika kwa kucha. Akauvuta. Maumivu yalikuwa madogo, kama kuumwa na siafu mdogo, na nyuma yake kukaja utulivu wa ajabu, kama redio imezimwa ghafla. Akavuta mwingine.

Hakuamua kuendelea. Vidole vilikwenda vyenyewe. Vilikwenda akiwa jikoni anasubiri wateja watoke, vilikwenda darasani, vilikwenda Paschal alipoita, "Mke wangu yuko wapi leo?" Kila aliposhtuka na kuvishusha, palikuwa na vinyweleo kwenye sketi yake, akavipuliza chini. Kufika mwisho wa muhula, nyusi ya kushoto ilikuwa imebaki kipande na ya kulia haikuwepo.

Editha aliona akiwa anamkagua usoni kwa ajili ya mafua.

"Nyusi zako ziko wapi?"

Agripina aligeuza uso.

"Nani amekunyoa?"

"Hakuna."

"Nyusi haziondoki zenyewe, mwanangu. Nani?"

Mtoto angesema nini? Angesema, ni mimi, na sijui kwa nini? Alisema zinaanguka. Editha alimpeleka zahanati, wakapewa dawa ya kupaka ya fangasi, na kila asubuhi alimpaka kwa kidole chake kigumu, taratibu, akiomba kimoyomoyo. Hazikuota. Zingeotaje? Kila zilipochomoza, vidole vilikuwa vinazisubiri.

Kijiji nacho kina macho. Haikuchukua muda maneno yakaanza kuzunguka kisimani na mashineni: Editha amempeleka mtoto kwa mganga, nyusi zimechukuliwa zikachanganywa na dawa ya biashara, ndiyo maana pombe yake haidodi. Wenye watoto wakawaambia watoto wao wasimguse. Hakuna tena aliyekubali kukaa dawati moja na Agripina. Wakati wa uji alikunywa peke yake nyuma ya choo cha walimu, kwa sababu akikaa na wenzake walihama.

Maneno yalipomfikia Editha, aliketi juu ya kinu akalia. Hakulia mbele za watu, lakini Agripina alimwona kupitia ufa wa mlango. Kesho yake Editha alinunua wanja dukani, akamkalisha binti yake kwenye kigoda, akamchorea nyusi mbili.

"Zitakuficha mpaka zako ziote," alisema. "Usiziguse. Usizifute. Sawa?"

"Sawa, mama."

Alikuwa amezichora vizuri, kwa mkono wa upendo. Lakini ilikuwa miezi ya jua kali, na mstarini shuleni wanafunzi walisimama muda mrefu wakiimba na kusikiliza matangazo. Jasho likateremka. Wanja ukayeyuka, ukashuka kwenye mashavu ya Agripina mistari miwili myeusi, mtu wa kwanza akacheka, kisha mstari mzima ukavunjika kwa kicheko. Mwalimu wa zamu, mwalimu Jesca, alikuwa hajamfundisha Agripina wala hakuyajua mambo yake. Aliona mwanafunzi aliyejipaka wanja kama anakwenda harusini.

"Wewe! Njoo mbele. Hapa ni saluni?"

Akaagiza maji yaletwe. Agripina akanawa uso mbele ya shule nzima, maji meusi yakidondoka kwenye blauzi nyeupe, na alipoinua kichwa, kicheko kilikatika. Uso wake haukuwa na nyusi, na kope zilikuwa zimeanza kupukutika pia. Mwalimu Jesca alishika mdomo. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Rudi mstarini."

Katika ukimya ule Agripina alimtafuta Hana kwa macho. Hana alikuwa anatazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo hakuingia shule. Alivaa sare kila asubuhi, akabeba mfuko, akamuaga mama yake, na palipokuwa na njia panda alishika ya kushoto, iendayo mlimani. Kulikuwa na miamba mikubwa huko, na kati yake uwazi wa kumtosha mtu mmoja kukaa. Akiwa pale aliona malori yakipanda mlima wa Sekenke, moja nyuma ya lingine, polepole kama wadudu wenye mizigo, na alisikia injini zao zikilalamika. Alipenda kuyatazama. Aliwaza kwamba katika kila lori kuna mtu anayetoka mbali na kwenda mbali, na hakuna hata mmoja kati yao anayemjua. Mara nyingine aliongea peke yake, kwa Kinyiramba, maneno ya kawaida tu: leo jua kali, leo nina njaa, yule pale amebeba ng'ombe. Sauti yake ilimshtua. Alikuwa ameisahau.

Wakati mwingine aliwaza jambo baya zaidi. Aliwaza kwamba labda ni kweli, labda mama alimpeleka kwa mganga akiwa amelala, na vidole hivi si vyake tena. Aliwaza pia kwamba kama asingerudi, vikombe vingeoshwa na mtu mwingine, na benchi lingeendelea kucheka.

Aliyemkuta ni Mama Hana. Alikuwa amepanda kutafuta kuni, na kanga yake ilinasa kwenye mwiba karibu na miamba ile. Alipoinama kuinasua, akaona soksi nyeupe.

"We, nani huyo?"

Agripina alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Agripina? Leo si siku ya shule?"

Mama Hana alitaka kufoka, na kufoka alikujua. Lakini alipokaribia aliona mkono wa mtoto ukipanda wenyewe, ukashika kope, ukavuta. Mtoto mwenyewe hata hakuonekana kujua. Macho yake yalikuwa barabarani, kwenye malori. Mkono ukashuka, ukapanguswa kwenye sketi, ukapanda tena.

Mama Hana aliuweka mzigo wa kuni chini.

"Kumbe ni wewe mwenyewe," alisema polepole.

Agripina aliutazama mkono wake kama umekamatwa ukiiba.

"Siwezi kuacha," alisema. "Usimwambie mama. Siwezi kuacha."

Mama Hana alikuwa amemkataza binti yake kumsogelea mtoto huyu, na kisimani alikuwa amesikiliza habari za mganga bila kuzikanusha. Sasa alikaa chini juu ya majani makavu, mwanamke mzima na kanga iliyochanika, akamvuta mtoto, akamlaza kifuani. Agripina alilia mpaka akapata kwikwi. Hakuna aliyemshika hivyo tangu baba yake aondoke.

Waliteremka pamoja. Editha alikuwa uani anachochea moto chini ya pipa, na alipomwona Mama Hana langoni kwake alinyooka, kijiti cha moto mkononi.

"Umekuja kuniombea au kunihukumu?" aliuliza.

"Nimemleta mtoto."

"Mtoto yuko shule."

"Hayuko shule, Editha. Yuko hapa nyuma yangu, na haendi shule siku nyingi."

Editha alimwona binti yake, akakitupa kijiti. Mama Hana alimweleza alichokiona mlimani, bila kuongeza wala kupunguza. Editha alikataa kwanza. Alisema ni fangasi, dawa wamepewa. Kisha alimtazama Agripina, naye Agripina akatikisa kichwa kwamba si fangasi.

"Unajing'oa mwenyewe? Kwa nini, mwanangu? Nimekukosea nini?"

Hapo wateja wawili wa mapema walikuwa tayari wanavuta benchi. Mama Hana aliwageukia. "Leo hakuna pombe. Nendeni." Nao wakaenda.

Moto chini ya pipa ulianza kufa. Agripina alisema, macho yakiwa chini:

"Ulicheka."

"Nilicheka nini?"

"Paschal aliposema mimi ni mke wake. Ulicheka."

Editha akakaa pale pale chini, kwenye majivu.

"Nilicheka ili anywe alipe aondoke," alisema hatimaye, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe alijifunika uso kwa mikono.

Baadaye, alipokuwa ametulia, alimgeukia mwenzake kwa uchungu. "Na wewe ulimkataza mwanao asije kwangu."

"Nilimkataza. Na kama walevi bado wako hapa, nitamkataza tena," Mama Hana alisema. "Lakini sikujiuliza huyu wako anabaki na nani. Hilo nimekosa."

Wiki ile walipanda gari la Kiomboi, Editha na binti yake. Hospitalini walimkuta tabibu wa kike, mama mtu mzima aliyevaa miwani, ambaye hakushangaa alipouona uso wa Agripina. Hiyo peke yake ilimpunguzia mtoto mzigo. Tabibu alimwomba Editha asubiri nje, akaongea na Agripina kuhusu mambo madogo: analala wapi, anakula na nani, anacheka lini. Agripina hakukumbuka lini. Tabibu alimwambia kwamba ameshaona watoto wengine wenye tatizo hilo, na mtu mzima mmoja, kwamba si uchawi wala wazimu, na kwamba vidole vyake vinatafuta mahali pa kupeleka jambo lisilosemwa. Alimpa kokoto laini, akamfundisha kuishika kila mkono unapotaka kupanda. Alimpangia tarehe ya kurudi. Kisha akamwita Editha, akaongea naye peke yake, na Editha alitoka macho yamevimba.

Kuacha pombe kabisa asingeweza. Wangekula nini? Lakini aliomba nafasi kwenye kilabu cha barabarani, kibanda cha mabati ambako wauzaji wengine walikaa, akawa anapika nyumbani asubuhi na kupeleka kuuza kule mchana. Wateja wengine hawakumfuata. Paschal alimfuata, na siku ya kwanza aliuliza, "Mke wangu hajambo?" Editha aliweka kata chini.

"Ana miaka kumi na miwili," alisema, mbele ya watu wote. "Ukisema tena hivyo, kunywa kwa mwingine."

Hakuna aliyecheka. Paschal alikunywa kwa mwingine.

Mwalimu Jesca alikuja nyumbani alasiri moja, peke yake, akakaa kwenye benchi lililobaki. Alimwomba Agripina msamaha. Agripina aliitikia kwa adabu, kwa sababu alikuwa mwalimu, ila hakujua kama amemsamehe. Alirudi shule na kitambaa kichwani, kilichofungwa kushuka hadi juu ya macho, kwa ruhusa. Jina la Kilabu halikuisha siku hiyo wala mwezi huo. Lilipungua tu, kama watu waliochoka kulitamka.

Mama Hana naye alisema Agripina awe anakuja kwake Jumamosi, ale, asome. Alikwenda. Hana alimpisha kwenye mkeka, wakafanya hesabu, na Hana aligawana naye karanga. Lakini kulikuwa na wale wasichana wengine wawili, na walikuwa na vichekesho vyao ambavyo Agripina hakuwepo vilipoanza. Alicheka wenzake walipocheka, akichelewa kidogo. Siku moja Hana alimsindikiza mpaka njia panda.

"Siku ile mstarini," Hana alianza.

"Najua."

"Nilitaka kuja mbele."

"Lakini hukuja."

"Sikuja," Hana alisema, akaanza kulia, na Agripina ndiye aliyembembeleza. Walisimama pale mpaka mbuzi wa watu wakapita. Haikuwa kama zamani. Ilikuwa afadhali.

Jambo ambalo hakulitegemea lilikuwa ukimya. Sasa akitoka shule alikuta nyumba tupu, sebule imefagiwa, godoro lake limetandikwa tangu mchana. Alikuwa amelitamani hilo kwa muda mrefu, na sasa lilimtisha. Alisikia panya darini. Alisikia kelele za kilabu kwa mbali, na kati ya kelele hizo alikuwamo mama yake. Siku nyingine alishika kokoto aliyopewa na tabibu, akaizungusha mpaka ikapata joto. Siku nyingine kokoto haikufua dafu, na alipojitazama kwenye kioo jioni, nyusi zilizokuwa zimeanza kuota zilikuwa na pengo jipya.

Jioni moja ya hivyo Editha alirudi mapema, ndoo tupu kichwani, kanga imejaa vumbi la barabara.

"Umeshindaje, mwanangu?" aliuliza, kama alivyouliza kila siku, huku akielekea jikoni.

Kila siku Agripina alijibu, "Salama." Jioni hiyo alikuwa amekaa kizingitini, mkono wake umefunika nyusi ya kushoto.

"Vibaya," alisema.

Editha alisimama. Angeweza kusema amechoka, na angekuwa amesema kweli. Moto haukuwa umewashwa, na mtama wa kesho ulikuwa haujapembuliwa. Aliteremsha ndoo, akaigeuza chini juu, akaisogeza karibu na kizingiti, akaikalia.

"Haya," alisema. "Niambie."

Agripina hakujua aanzie wapi. Alianza na panya wa darini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa rahisi kusema, na mama yake akasikiliza habari za panya mpaka mwisho, akasubiri nyingine.